Klachi ya Hayabusa inateleza: nianzie wapi kabla ya msimu mpya?

Mwendokasi:
Ndugu zangu, nawasalimu kutoka Ohio, Marekani, ambako baridi imesimamisha mashindano hadi majira ya kuchipua. Pikipiki yangu ni Suzuki Hayabusa ya cc 1340, na katika mbio zangu za mwisho za robo maili, yaani mita 402, injini ilivuma kwa nguvu huku pikipiki ikichelewa kuongeza mwendo. Nilipofungua klachi nilikuta pleti za chuma zimegeuka rangi ya samawati. Je, fedha nilizoweka ninunulie turbo, kifaa cha kuongeza nguvu ya injini, au nitengeneze hii kwanza?

FundiBaridi:
Ndugu, turbo isubiri, kwa kuwa klachi iliyoshindwa na nguvu iliyopo haitabeba nguvu zaidi. Rangi hiyo ni alama ya joto kali. Badilisha pleti zote pamoja na springi, loweka zile za msuguano katika oili kabla ya kuzifunga, kisha upasue kichujio cha oili uone kama kina chembe za chuma. Nafasi za vali, yaani mianya midogo inayoachwa kwenye vali za injini, zipimwe injini ikiwa imepoa kabisa.

MamaGia:
Nakubaliana naye, ila mimi ningefunga pia mkono wa nyuma (swingarm, ule unaoshika gurudumu la nyuma) mrefu zaidi, ambao hupunguza kunyanyuka kwa gurudumu la mbele wakati wa kuondoka. Ukiurefusha, usiungeunge cheni ya zamani. Nunua nzima, na uhakikishe bomba la mpira la breki linafika bila kuvutwa.

Mwendokasi:
Ahsanteni. Nimepima springi jioni hii, na mbili ni fupi kuliko nyingine. Turbo nimeiahirisha.