MREJESHO: Jua kuniunguza shingo na masikio kazini

Wakuu, salaam. Niliwaomba ushauri humu: napima ardhi, nashinda juani, na shingo, masikio na mikono vilikuwa vinababuka hadi kuchubuka. Asanteni wote mlionijibu.

Kilichonisaidia zaidi ni mavazi, wala si vya kupaka. Kapelo nimeiacha, maana haifuniki masikio. Sasa navaa pama la ukingo mpana na shati la mikono mirefu. Aliyesema ninyanyue kitambaa kwenye mwanga, nikiona upande wa pili basi jua nalo linapita, ubarikiwe sana. Shati langu jepesi la siku zote lilifeli hapohapo.

Sanskrini, yaani losheni ya kukinga jua, nilichukua ya SPF 30 (kipimo cha kinga yake) inayozuia UVA na UVB, miale ya jua inayodhuru ngozi. Usoni na shingoni napaka kiasi cha kujaza urefu wa vidole viwili, narudia kila baada ya saa mbili, hata kukiwa na mawingu. Shingo haibabuki tena. Shida ni jasho: sanskrini inatiririka nalo machoni, inawasha balaa. Nikahamia yenye zinki oksidi, madini meupe yanayozuia jua, kuzunguka macho. Haiwashi, ila naonekana kama nimetoka kusaga unga.

Ushauri wa kukwepa jua kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni umenishinda, ndiyo kazi yenyewe. Mabaka ya mashavuni nayo bado yapo, nitamwona daktari wa ngozi.

Na wewe uliyenishauri nipake maji ya limao, nashukuru, ila hapana. Limao ngozini ukiwa juani linaweza kukutoa malengelenge.