Mstaafu akajenge wapi, Kipumbwi au Dodoma?

Mwalimu wa Hisabati: Shikamooni wakubwa, wadogo habari zenu. Nastaafu mwezi wa sita. Mke wangu ni mtu wa Kipumbwi, wilaya ya Pangani, na kwao wametupa eneo penye minazi ya babu yake. Mimi nina kiwanja Nzuguni, Dodoma, nilikinunua kabla Serikali haijaanza kuhamia 2016. Mafao yanatosha nyumba moja tu. Yeye anataka upepo wa bahari. Mimi nataka hospitali ya karibu, na watoto wafike bila kuhangaika. Nishaurini, ila msinigombanishe na mama watoto.

Mkazi wa Mkonze: Mwalimu, hapo hapana mjadala. Tangu treni ya umeme ianze kufika Dodoma Julai 2024, mwanao wa Dar akipanda asubuhi, baada ya saa tatu na ushee kashuka, chai haijapoa. Hospitali ya Benjamin Mkapa ipo. Barabara za Singida, Iringa, Arusha na Morogoro zote zinakutania hapa. Kipumbwi utaongea na nani? Kule watu wakishaswali adhuhuri wanajilaza chini ya mnazi mpaka jua lizame. Utazeeka kabla ya wakati.

Binti Kipumbwi: Wewe wa Mkonze, umefika Kipumbwi au umesimuliwa? Hao waliolala adhuhuri wamerudi kutoka baharini alfajiri. Dagaa huvuliwa usiku, kwa taa, giza la mwezi. Wewe umelala, yeye yuko kazini. Akilala yeye unamwita mvivu. Mama yangu bamvua likitoa maji anashuka mwambani na kijiti chake kutafuta pweza, mgongo umepinda. Nimesoma mpaka kidato cha sita kwa pweza hao. Futa ulichoandika.

Mkazi wa Mkonze: Dada, sijatukana mtu. Nimesema nilichokiona Pangani mjini 2019.

Binti Kipumbwi: Pangani mjini si Kipumbwi, kuna Mto Pangani mzima katikati. Na mimi nikishuka Dodoma siku moja ya vumbi la Septemba, nirudi kwetu niseme Wagogo hawaogi?

Mjukuu wa Mtemi: Mbukwenyi! Sasa Wagogo tumeingiaje hapa? Nchi iliamua 1973 kwamba makao makuu yawe kwetu, wenyewe wakachelewa zaidi ya miaka arobaini, na muda wote huo sisi tulikuwa hapa tunalima uwele na mtama. Ardhi mnayoiita jangwa inatoa zabibu mara mbili kwa mwaka. Maji yanakuja kwa mgao, ni kweli, visima vya Mzakwe vilichimbiwa mji mdogo. Lakini tunaoga, dada yangu.

Binti Kipumbwi: Kaka, nisamehe, nilikuwa natoa mfano. Wewe sina neno nawe. Mwenye deni ni huyo wa Mkonze.

Nesi wa Zamu: Mwalimu ana presha? Ana sukari? Hilo ndilo la kumuuliza, si nani amelala wapi. Nimefanya kazi upande wa kusini wa mto. Usiku mmoja tulimleta mjamzito kwa gari mpaka Bweni, ukingoni mwa mto. Ng'ambo unaziona taa za Pangani, karibu kama nyumba ya jirani, na kivuko kiko upande ule. Alijifungulia ndani ya gari tukimulika kwa simu. Mtoto alilia, nikalia na mimi. Tangu siku hiyo mtu akiniambia habari ya utulivu wa pwani, namuuliza kwanza anakaa upande gani wa mto.

Dereva wa Chalinze: Nesi, ndiyo maana lile daraja la mita 525 la Mto Pangani tunaliombea. Barabara yote, Bagamoyo kupitia Saadani na Pangani hadi Tanga, ni kilomita 256. Ila Mwalimu ajue, lami ikifika, kimya anachokitaka mkewe kitapungua.

Mpimaji: Lami haijafika, madalali wameshafika. Mwalimu, umeandika "wametupa eneo". Kwa karatasi gani? Nzuguni una hati? Na kama hiyo minazi iko ufukweni, Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza ujenzi wa kudumu ndani ya mita 60 kutoka baharini. Watu wanauziwa humo humo, halafu wanakuja kwangu na kamba wakidhani nitausogeza ufukwe.

Binti Kipumbwi: Hapo umegusa kidonda. Waliouza ni kaka zetu wenyewe, kwa bei ya pikipiki. Njia moja ya kushukia pwani imezibwa kwa ukuta, mama anazunguka mbali na ndoo ya pweza kichwani.

Mkazi wa Mkonze: Kumbe. Basi kwa mama yako nimekosa, naomba radhi. Lakini huoni kwamba hata huko utulivu unauzwa? Mwalimu abaki penye viwanja vilivyopimwa.

Binti Kipumbwi: Radhi nimepokea. Ushauri wako, hapana. Wenyeji wote wakienda penye hati, ukuta wa pili utajengwa kesho.

Mwalimu wa Hisabati: Nimemsomea mke wangu yote. Habari ya kivuko ilimnyamazisha, maana dada yake aliwahi kusubiri pale pale. Ya ukuta ikamtoa machozi. Anasema watu wamekuwa wakishuka baharini kwa kupita katikati ya minazi ya babu yake tangu yeye mtoto, na hakuna aliyewahi kuandika popote kwamba ni njia. Nzuguni hati ninayo, haiozi. Jumamosi tunakwenda Kipumbwi na mtu wa kupima, nyumba baadaye. Binti Kipumbwi, mwambie mama atuoneshe anapopita.

Binti Kipumbwi: Njooni mapema, kabla maji hayajajaa. Akishashuka mwambani haitiki mtu.