Wenye risiva za zamani tupeane uzoefu: siku ya kwanza kuiwasha ilikuwaje?

MwanaChumbageni
Wakuu, habari za jioni. Jana nimeshusha juu ya kabati risiva (redio yenye amplifaya ndani) Pioneer SX-780 ya marehemu baba mdogo. Alikuja nayo kutoka Muscat mwaka 1981, na tangu 2004 haijapata umeme. Nimeipangusa kwa brashi ya rangi. Uso wake wa fedha bado unang'aa, boksi la mbao limebanduka pembe moja tu. Nilipofungua kifuniko ikatoka harufu ya vumbi la zamani na mbao, nikajiona niko sebuleni kwake, nina miaka sita, nimekaa mkekani natazama mishale miwili ya mita ikiruka kila ngoma inapopigwa.

Bado sijaichomeka, naogopa. Nyuma pana kidude cha kugeuza volti, kimeandikwa 110, 120, 220, 240. Mliopita njia hii nielezeni yaliyowakuta, ya heri na ya shari.

ZitoLaBezi
Usichomeke! Angalia kwanza kile kidude kimeelekea namba ipi.

MwanaChumbageni
240, mkuu.

ZitoLaBezi
Alhamdulillahi. Endelea kungoja hivyo hivyo.

MtotoWaLuthuli
Umenikumbusha mbali, buda. Mimi ya kwanza niliinunua Luthuli Avenue 2013, ikiwa imetoka Amerika na kontena. Muuzaji aliniambia "hii ni kuchomeka tu". Nyuma hakukuwa na cha kugeuza, kulikuwa na maandishi madogo: 120V 60Hz. Niliyaona kabisa, nikayapita, kwa sababu nilikuwa nimeingoja miezi minne na nilitaka kuisikia.

Nairobi umeme ni 240. Nikabonyeza. Taa za dial zikawaka nyeupe pee, nyeupe ambayo sijawahi kuiona kwenye redio, halafu moja baada ya nyingine zikazima kutoka kushoto kwenda kulia. Ikaja harufu kama ya ngozi inayoungua. Ni sekunde tatu hivi, sidhani zilifika nne. Transfoma ya ndani ilikwenda, na transfoma ya modeli ile huipati dukani. Niliyoipata baadaye ilitoka kwenye risiva nyingine iliyokufa, nikaisubiri mwaka mzima. Hadi leo kila kifaa nakisoma mgongo kwanza, hata pasi.

Kigogo_Luhanga
Mimi pia. Sekunde mbili.

DarajaniKwetu
Na hizi za Japani je, zinazoshuka huku Unguja na mitumba? Hizo ni volti 100, hata 120 nyingi kwake. Mie nilijua hilo, nikanunua transfoma ya kushusha, nikaiwasha vizuri, raha mustarehe. Kisha nikaanza kutafuta stesheni. Natafuta, natafuta, sipati ila mbili tatu zilizobanana mwisho wa dial. Nikampelekea fundi kwa kudhani tuna, ile sehemu ya kunasa stesheni, imekufa. Akacheka, akanambia hebu soma namba. FM ya Kijapani ya zamani inaanzia 76 inaishia 90! Na sie stesheni zetu nyingi ziko juu ya 90. Redio nzima, haina kosa, imezaliwa kwengine tu. Sasa naitumia kwa simu kupitia tundu la AUX, na FM yake nimeiachia hizo hizo mbili tatu.

FundiKapasita
Naomba niseme kama fundi, miaka 22 kwenye kazi hii.

Kifaa kilicholala miaka ishirini usikipe umeme wote kwa mpigo. Kapasita kubwa za pawa sapulai, zile zinazotunza chaji ya umeme, zikikaa bila chaji, utando wake wa ndani unadhoofika, na zikipewa volti zote ghafla zinaweza kupiga shoti. Dawa yake ni taa ya mfululizo. Chukua soketi, kata waya mmoja wa laini, hapo ulipokata weka holda yenye globu ya wati 60 au 100. Yaani umeme upite kwenye globu kwanza ndipo ufike kwenye risiva. Spika usifunge. Washa.

Globu ikiwaka kwa nguvu nusu sekunde kisha ikafifia ikabaki nyekundu hafifu, hapo kapasita zimejaa na hakuna shoti. Ikiwaka kwa nguvu na ikabaki hivyo, zima, ndani pana kitu kimekufa, ila globu imekuokolea vingine vyote. Iache hivyo nusu saa, shika kifuniko kama kina joto, nusa.

Halafu utasikia "tak" ndani baada ya sekunde chache. Hiyo ni relei inayolinda spika, imekagua na imeridhika. Kwenye globu inaweza isilie kwa sababu volti ni pungufu, usiogope. Ila ukishaondoa globu ukaipa umeme kamili na bado hailii, USIILAZIMISHE.

Bwax
Globu za kuchoma ziko wapi siku hizi? Duka zima LED.

FundiKapasita
LED haifai kwa kazi hii, inataka uzi unaochomeka.

KukuWaKisasa
Nenda duka la pembejeo za mifugo, uliza taa ya kulelea vifaranga. Chukua ya wati 100, usichukue zile kubwa za 250. Ikimaliza kupima risiva inarudi bandani.

Bwax
Kwa hiyo nifuge kuku ndiyo nisikilize muziki. Sawa.

Mzee_wa_Santuri
Vijana, msiwatishe watu kupita kiasi. Yangu nimeiwasha 2016 baada ya kulala miaka kumi na tano, sikuweka globu wala nini, na inapiga mpaka leo.

FundiKapasita
Mzee wangu, shikamoo. Uliyenusurika ndiye unayeandika hapa. Walioungua waliuza vyuma.

Mzee_wa_Santuri
Marahaba. Na mimi nakwambia wapo mafundi wanaofungua kitu kizima wakabadili kapasita zote thelathini ili bili ipande. Kitu kikipiga vizuri kisiguswe.

FundiKapasita
Hapo kwenye kugusa visivyoumwa nakuunga mkono. Hasa hiyo SX-780, ndani ina STK mbili, yaani zile IC za kukuzia sauti, na STK feki zimejaa kila mtaa. Akikuambia mtu abadili hizo wakati zinafanya kazi, beba redio yako uondoke.

Mama_Pacha_MSA
Jamani nilikuwa napita tu, ila hayo maneno ya relei yamenishika. Niacheni niseme.

Ilikuwa usiku wa kuamkia Idi, 2009, nyumba ya babu, Majengo. Kaka yangu alikuwa na risiva kubwa, ya kubebwa na watu wawili, aliipata kwa baharia. Siku zote ilikuwa na spika mbili. Usiku ule akaomba nyingine mbili kwa jirani, zikawa nne, matundu ya spika A na B pamoja, kwa sababu wasichana wa mtaa mzima walikuwa barazani wanatiana hina na taarabu ilitakiwa ifike mpaka njia kuu. Sasa kila akipandisha sauti, tak, inakata. Akiteremsha, tak, inarudi.

Akaitwa fundi. Akafungua kifuniko, akatuonyesha kidude cha plastiki, ukubwa wa kibiriti, akasema hiki kimechoka, ndicho kinachokata. Akakipiga waya. Nimeona kwa macho yangu: waya mwekundu, haufiki urefu wa kidole changu cha mwisho, akaulehemu huku na huku. Akapewa mia tatu akaenda zake. Sauti ikatoka safi, watu wakapiga makofi.

Yapata saa tano na nusu nikasikia "dumm", moja tu, na upande mmoja ukanyamaza. Ile spika ya dirishani koni yake ikatoka nje ikabaki hapo, imetuna kama shavu la mwenye jino bovu, haichezi. Nikasogea. Pale katikati kwenye kikofia naona wekundu. Nikadhani wameweka taa.

Ngojeni niwape watoto chakula, narudi.

ZitoLaBezi
Mama usituache hapo!!

Kigogo_Luhanga
Chakula gani saa hizi, wape chai.

MtotoWaLuthuli
Ilishika moto? Nyumba je?

Pangani_Boy
Tafadhali turudi kwenye mada. Mleta mada ameuliza kuwasha risiva, si hadithi za Idi.

Bwax
Hii ndiyo mada yenyewe. Wewe ndiye huna risiva.

Pangani_Boy
Ninayo Marantz 2270, wati 70 kila upande, taa ya buluu. Usiku nazima balbu ya sebuleni naiacha hiyo peke yake, nazungusha gurudumu la stesheni kwa kidole kimoja linateleza lenyewe. Usiniambie sina.

Bwax
Samahani mkuu. Weka picha.

FundiKapasita
Wakati tunamngoja dada: kilichotokea hapo nakijua. Spika mbili za omu 8 (omu ni kipimo cha ukinzani, kikipungua mzigo unaongezeka) kwa kila upande ukiziunga A na B zinakuwa omu 4. Zikiwa ni za omu 4 kila moja zinakuwa 2, risiva inabeba mzigo kuliko uwezo wake. Relei haikuchoka, ilikuwa inamwambia kaka apunguze. Transista ya mwisho ikapiga shoti, DC yote ya ndani, yaani umeme wa mkondo mmoja kama wa betri, ikaenda moja kwa moja kwenye spika. Spika haijui kucheza DC. Koili yake inageuka hita.

Mama_Pacha_MSA
Nimerudi. Ndivyo hasa, kama ulikuwepo. Wekundu ukawa moshi, kile kitambaa cheusi cha mbele kikajikunja chenyewe, na ndani ya boksi mlikuwa mmejazwa sufi. Ikashika. Pazia la dirisha liko juu yake, na chumba cha nyuma amelala babu, ambaye hakuwa anaweza kusimama peke yake.

Mimi nilikimbilia meni swichi. Giza, kelele. Kaka alilibeba boksi lile likiwa linawaka, akalipitisha katikati ya wasichana mpaka nje, akalitupa mchangani. Pazia lilishika pindo tu, mama akalivuta akalikanyaga. Babu hakuamka. Mkono wa kulia wa kaka una kovu kutoka kiganjani hadi kwenye kiwiko, na mpaka leo vidole viwili havikunji sawasawa.

Risiva anayo bado. Fundi mwengine aliiponyesha, akaweka relei mpya. Kaka huwa haketi mpaka aisikie ile tak.

ZitoLaBezi
Pole sana dada. Nimeamka nikaenda kuangalia yangu.

DarajaniKwetu
Ewe Mola. Pole, na kaka mpe pole.

Fundi_Mwenge
Ila watu waache kutukana mafundi kwa sababu ya mmoja.

Mama_Pacha_MSA
Sijamtukana mtu, ndugu yangu. Nimeeleza nilichokiona, na aliyeiponyesha nimesema ni fundi pia.

Neema_Sakina
Mimi yangu ndogo tu. Niliunganisha simu kwenye tundu la PHONO nikidhani PHONO ndiyo ya simu. Ikatoka bezi moja nzito inayokoroma, nikafikiri nimeua spika za mume wangu. Kumbe hilo ni la santuri, linakuza ishara ndogo mno ya sindano, za milivolti chache. Simu inakwenda AUX. Waambieni wengine.

Mzee_wa_Santuri
Umesema kweli mwanangu. Na upande wa pili, ukiweka kinanda cha santuri kwenye AUX utasikia sauti nyembamba ya mbali, kama mtu anaimba ndani ya mtungi. Kisha ule waya mwembamba wa tatu, wengi huuacha ukining'inia, ndipo wanalalamika redio inavuma "mmmm". Fungeni kwenye skrubu iliyoandikwa GND. Nimeteseka na mvumo huo miaka miwili, dawa yake ilikuwa inagusa sakafu.

Kigogo_Luhanga
Na msiweke vitambaa vya kufuma juu yake. Mama yangu alikiweka kizuri cheupe, na chombo cha maua ya plastiki. Matundu ya joto yote yamezibwa. Tulikuwa tunachomwa na kifuniko.

Bwax
Sauti ikikwaruza unapozungusha volyumu, pulizia ile dawa ya kufungulia nati zenye kutu.

FundiKapasita
Hapana! Hiyo inaacha mafuta, vumbi linaganda, na inaweza kula plastiki. Kuna spreya ya kusafishia kontakti za umeme, ipo maduka ya vifaa vya elektroniki. Puliza kidogo redio ikiwa imezimwa, kisha zungusha mwanzo hadi mwisho mara ishirini, thelathini.

Pangani_Boy
Mimi nilitumia ile ya nati na haikunidhuru.

FundiKapasita
Subiri.

MwanaChumbageni
Wakuu, nimerudi. Nimefanya kama mlivyosema. Taa ya vifaranga, wati 100, duka la mifugo barabara ya nne. Ikawaka kwa nguvu, ikafifia, ikabaki kama kaa la sigara. Nusu saa nimekaa mbele yake na mwanangu. Hakuna harufu, kifuniko vuguvugu tu.

Nikatoa globu, nikafunga spika, nikabonyeza. Moja, mbili, tatu, nne. Tak. Mwanangu akaruka.

Nimekata waya vipande viwili vya sentimita 75, nimevinyoosha ukutani kama T kuwa antena ya FM. Stesheni ya kwanza iliyoingia ilikuwa inasoma matangazo ya vifo, na sauti ya yule msomaji ilikuwa nzito, iko pale pale chumbani, nikashindwa kubadilisha mpaka alipomaliza.

Ila mshale wa kushoto haupandi, na spika ya kushoto kimya. Nimebadilishana spika, ni upande ule ule wa risiva. Fundi, ni STK?

FundiKapasita
Hongera sana. Usifungue kitu bado. Swichi ya TAPE MONITOR, ile ya kusikilizia kanda, ibonyeze na kuiachia kama mara ishirini. Na ya MONO. Na ile ya kuchagua chanzo, ipeleke huku na huku. Zina kutu ya miaka ishirini, ishara haipiti.

MwanaChumbageni
Ya kumi na nne. Mshale umeruka.