Mrejesho: Titi la kupandikiza, nimerudi Mafinga

Ndugu zangu, ni mimi niliyeuliza mwaka jana nitegemee nini nikiwekewa titi la silikoni, baada ya la kushoto kuondolewa kwa saratani. Asanteni kwa majibu na maombi.

Silikoni haikuwekwa siku hiyohiyo. Kwanza kiliingia kifuko chini ya msuli, na kila baada ya wiki mbili nikadungwa maji ya chumvi ili ngozi itanuke. Nikishadungwa, kifua kinabana siku mbili kama nimefungwa mbeleko. Miezi minne hivyo, ndipo wakakitoa kifuko na kuweka silikoni.

Kilichonichosha ni mirija ya kutoa majimaji kwenye kidonda, yanayoingia kwenye kichupa. Kila asubuhi dada alimwaga kichupa, akapima, akaandika kwenye daftari. Ndoo ya maji sikuigusa wiki sita.

Laiti ningeambiwa mapema kuwa ngozi inakufa ganzi. Mwanangu akiniegemea namwona, simsikii. Na kipandikizi si cha maisha, huenda kikabadilishwa. Mliopigwa mionzi, ongeeni na daktari kwanza, maana mionzi huongeza hatari ya titi la kupandikiza kukakamaa.

Jumapili nilivaa gauni langu la kitenge. Limenikaa.