Cheti cha teknolojisti wa usingizi, nipo Dodoma nianzie wapi?

Binti_wa_Zuzu: Habari za humu wakuu. Mimi ni nesi wa diploma, nipo theta (chumba cha upasuaji) hapa Dodoma, ila siku hizi kazi yangu kubwa ni mashine ya usingizi, ile ya kumlaza mgonjwa wakati wa upasuaji, asubuhi naiandaa, nabadilisha mipira, nacheki oksijeni na sakshen (mashine ya kunyonya majimaji), napanga vifaa vyote kabla mtoa usingizi hajaingia. Naipenda hii kazi kutoka moyoni. Nasikia Marekani kuna cheti chake kabisa, je naweza kufanya mtihani nikiwa huku? Na pointi za CPD (masomo ya kujiendeleza kazini) mnapatia wapi, maana semina nyingi nazisikia zikiwa zimeshapita.

Kibaigwa_Mjini: Dada hicho cheti ni cha ASATT, chama cha mateknolojisti wa usingizi wa Marekani, wanakiita Cer.A.T.T., na kuukalia mtihani lazima uwe umemaliza chuo kilichopitishwa na CAAHEP, chombo kinachoidhinisha mafunzo ya afya hukohuko kwao, kwa hiyo usije ukatuma hela kwa mtu anayekuambia atakufanyia mpango. Wenyewe wakishakipata hawalali, kila miaka 2 wanatakiwa waonyeshe saa 30 za masomo ya kujiendeleza ndio wanahuisha. Halafu hata huko teknolojisti hampi mgonjwa dawa ya usingizi, anaandaa mashine na kumsaidia anayelaza.

Muuguzi_Mpwapwa: Mdogo wangu usikate tamaa. Huku kwetu hospitali nyingi za wilaya nesi wa usingizi ndiye huyohuyo anayeandaa mashine, kwa hiyo njia yako ni kwenda kusomea usingizi, ulizia hospitali ya KCMC Moshi wanafundisha manesi miaka mingi, na leseni yako ya Baraza la Uuguzi na Ukunga usiiache ilale. CPD muulize mratibu wa mafunzo hapo kazini, na vipindi vya asubuhi vya idara hakikisha vinasajiliwa, watu wanakaa wanafundishana mwaka mzima halafu hakuna pointi hata moja, inaniuma sana hiyo. Kusoma bure kuna WFSA, shirikisho la dunia la vyama vya madaktari wa usingizi, wanatoa somo la usingizi mtandaoni na maswali yake, ni Kiingereza ila taratibu utaelewa.

Na kitu kimoja nakuomba ukishike kuanzia kesho. Sodalaimu, zile punje nyeupe kwenye kopo la mashine zinazonyonya hewa chafu anayotoa mgonjwa, ikichoka inageuka zambarau, lakini mashine ikipumzika usiku rangi inaweza kurudi nyeupe, asubuhi mtu anaangalia anasema bado nzima kumbe imeisha na mgonjwa anavuta tena hewa chafu yake mwenyewe. Andikeni tarehe ya kubadilisha kwenye kopo, na kama mna kapnografu (kipimo cha hewa chafu kwenye pumzi ya mgonjwa) angalieni mstari unarudi sifuri mgonjwa akivuta pumzi.

Binti_wa_Zuzu: Ahsante sana dada, hili la rangi kurudi sikuwahi kufundishwa na mtu. Ada na sifa za kujiunga ukienda kusomea zikoje, na unaruhusiwa kwenda ukiwa bado kazini?

Muuguzi_Mpwapwa: Ada wapigie chuo wenyewe usisikilize za mtaani. Ruhusa anza kwa matroni wako kwa barua, uombe uwekwe kwenye mpango wa mafunzo wa hospitali mapema kabla bajeti haijafungwa. Njoo inbox nikuonyeshe barua yangu nilivyoiandika.