Sista wetu amezima kabisa baada ya sindano kwenda kwa mtoto siye, nimsaidieje?

Inchaji_Watoto
Habari za humu wakuu. Mi ni inchaji wa wodi ya watoto kituo kimoja cha afya huku upande wa Newala. Kuna usiku sista wangu alikuwa peke yake na mhudumu, wodi imejaa malaria vitanda wanalala wawili wawili, na kuna Zuhura wawili, mmoja kaanza degedege akaandikiwa diazepamu, sindano ikaenda kwa Zuhura mwingine. Mtoto akalegea, pumzi ikawa ya kuhesabu, bahati sista alishtuka mapema wakambagia (kumpa pumzi kwa mfuko wa hewa) akarudi, asubuhi akapelekwa Ligula, hospitali ya rufaa ya mkoa kule Mtwara, na sasa yuko kwao anakimbia tu. Shida ni sista. Anasoma jina kwenye faili, anamuuliza mama, anarudi tena kwenye faili, sindano kashaivuta na mkono unatetemeka. Chai hanywi na wenzake. Juu ya hapo kapewa barua ya kujieleza na baadhi ya wenzake wanamkwepa kama ana upele. Nimwambieje?

Mchuma Korosho
Mpe likizo aende kwao Kitangari, akirudi kashasahau.

Sista Msijute
Hapo juu sikubaliani mkuu. Likizo ya kulazimishwa ataiona kama kasimamishwa, na huko nyumbani atamwambia nani, si mambo ya mgonjwa hayo. Inchaji, "yatapita" na "mipango ya Mungu" achana nazo. Mkalishe pembeni, muulize ule usiku ilikuwaje, halafu nyamaza asimulie hata akirudia rudia. Kwenye rosta mpangie mchana na mtu anayemwamini, sindano wacheki wawili. Ila usimnyang'anye sindano moja kwa moja, hapo utakuwa umemwambia hawezi kazi.

Mzee wa Masasi
Nimestaafu ila haya nimeyaona. Daktari mmoja wa Marekani, Albert Wu, aliandika mwaka 2000 kwenye BMJ, jarida la kitabibu la Uingereza, kwamba mhudumu naye anaumia, akawaita majeruhi wa pili. Kuna familia za wagonjwa hazilipendi hilo jina na nazielewa. Hospitali za chuo kikuu cha Missouri, huko huko Marekani, wana ngazi tatu za kumsaidia mhudumu kama huyo: wenzake wa wodini, akizidi mwenzake aliyefundishwa kusikiliza, akizidi zaidi mtaalamu. Hiyo ya kwanza haitaki bajeti. Ila kama halali kabisa, kaanza pombe au anaongelea kufa, usisubiri, mpeleke kwa watu wa afya ya akili siku hiyo hiyo. Na anayemsikiliza asiwe ndo anayemhoji kwenye barua. Kama yuko TUGHE, chama cha wafanyakazi wa serikali na afya, aonane na tawi kabla hajajibu.

Mama Shangani
Poleni. Ila mi nauliza kama mzazi, mama Zuhura kaambiwa ukweli?

Inchaji_Watoto
Mama Shangani umenishika pabaya, aliambiwa "mtoto alizidiwa" basi. Nadhani hata sista hilo ndo linamla. Kesho naongea na mganga mfawidhi mama aitwe aelezwe vizuri, sista akitaka kuwepo awepo, asipotaka simlazimishi. Barua nimemwambia asubiri tawi. Na kuanzia leo kila mtoto plasta mkononi, majina matatu na jina la mama, maana kwa wodi ile hata mimi ningechanganya.

Sista Msijute
Hiyo plasta mwambie aisimamie yeye.