Ulinganisho: Umevuka 50, uchague mkataba mpya, biashara yako au kuishi kwa mafao?

Mtunza Daftari (mwanzisha mada)

Wakuu, habari zenu. Naomba tulinganishe kwa utulivu, wale wa "wazee tupisheni" wapite kimya kimya.

Nina miaka 54, kazi yangu ni uhasibu. Mwajiri anapunguza watu na sisi wenye umri mkubwa ametupa hiari: kuondoka sasa na kiinua mgongo, au kubaki kwa mkataba wa mwaka mmoja mmoja, mshahara ukishuka kidogo. Mkopo wa nyumba umebaki mkia, mtoto wa mwisho bado yuko chuo. Naona njia tatu:

1. Nibaki kwa mkataba mpaka wanichoke.
2. Nichukue pesa, nifungue ofisi yangu ya kuwatunzia hesabu wafanyabiashara wadogo.
3. Nichukue pesa, niziweke panapotulia, niishi kwa riba na vibarua vya hapa na pale.

Mama watoto anataka ya kwanza. Mimi roho iko kwenye ya pili. Karibuni.

Kalamu Nyekundu

Mkuu, hapo umechanganya maswali mawili. Pesa ya kuishi itatoka wapi, na asubuhi utaamka kwenda wapi. Wengi wa rika letu hutafuta mradi mmoja ujibu yote mawili, na hapo ndipo kiinua mgongo huyeyuka. Mtu kazoea kuitwa bosi kwa miaka mingi. Akistaafu anapanga ofisi, ananunua meza kubwa, anaajiri mtu wa mapokezi, wakati mteja hata mmoja hajapatikana. Ukimuuliza anasema anawekeza. Ukweli ni kwamba ananunua cheo alichokipoteza.

Hamu yako ya kufanya kazi haina kasoro, ila usiilishe kwa akiba ya uzeeni. Uhasibu ni kichwa na kompyuta, tena kompyuta unayo. Anza ukiwa bado kazini, jioni na mwisho wa wiki, kama mkataba wako haukatazi (usome, mingine inakataza). Ukipata wateja watatu waliolipa, narudia, waliolipa, sio waliosema "tutakutafuta", hapo tuongee habari ya kuondoka.

Nyumba Tano

Achaneni na ofisi. Jenga nyumba za kupangisha, ulale, kodi iingie. Mimi ndivyo ninavyoishi.

Kalamu Nyekundu

Ndugu Nyumba Tano, usimwambie mtu "ulale". Tupe hesabu kamili: miezi ambayo chumba kinakaa kitupu, rangi, bomba, dalali, kodi ya serikali, na mpangaji anayezima simu kila tarehe moja.

Nyumba Tano

Haya, nikubali. Mwaka una miezi 12, mimi napanga bajeti kwa kodi ya miezi 10, na ndani ya hiyo 10 mwezi mzima unaliwa na matengenezo. Bado inanilipa, lakini nilijenga nikiwa na miaka 40 na nguvu za kusimamia mafundi. Kuanza msingi leo kwa pesa yote ya mafao, hapana, hilo nisingemshauri. Nyumba ikikwama kwenye lenta huwezi kukata dirisha moja ukaliuza upate dawa.

Bi Mkubwa wa Takwimu

Kaka Mtunza Daftari, naomba niitetee njia ya tatu kisha niikosoe mwenyewe.

Uzuri wake ni kwamba haikusumbui. Amana ya muda maalumu, hati fungani za serikali (unaikopesha serikali), riba inakuja kwa tarehe. Ubaya ni mfumuko wa bei. Chukua 72, gawa kwa asilimia ya mfumuko, unapata takriban miaka ambayo bei zitakuwa zimepanda mara mbili. Mfumuko wa asilimia 6 maana yake miaka 12. Wewe una 54, ukifika 66 kinachokutosha leo kitatosha nusu, na hapo bado una umri mbele yako. Kwa hiyo riba ya asilimia 10 ambapo mfumuko ni 7 haikupi 10 za kula. Inakupa kama 3. Zile 7 unazirudisha zikue, la sivyo unakula mtaji huku ukidhani unakula riba.

Jambo la pili ni zamu ya hasara. Sema una 100 kwenye hisa na kila mwanzo wa mwaka unatoa 10 za matumizi. Mwaka wa kwanza soko linashuka asilimia 30, wa pili linapanda 30. Unatoa 10, zinabaki 90, zinashuka hadi 63. Unatoa 10 tena, 53, zinapanda hadi 68.9. Sasa geuza, kupanda kutangulie: 90 zinakuwa 117, toa 10, 107, zinashuka hadi 74.9. Soko ni lile lile, matumizi ni yale yale. Ndiyo maana anayekaribia kuanza kutoa pesa hutakiwa awe na matumizi ya mwaka mmoja au miwili pembeni, asilazimike kuuza hisa siku zimelala.

Mtunza Daftari

Asante dada, hapo umeniamsha. Na ile kanuni ya asilimia 4 ninayoisikia?

Bi Mkubwa wa Takwimu

Ilitokana na mshauri wa fedha wa Marekani, William Bengen, mwaka 1994. Alipitia kumbukumbu za masoko ya nchi yake tangu 1926, akaona mtu mwenye mchanganyiko wa hisa na hati fungani angeweza kutoa asilimia 4 ya akiba mwaka wa kwanza, kisha kila mwaka kuongeza kulingana na mfumuko, na pesa ikadumu walau miaka 30. Ukiigeuza, unahitaji akiba ya mara 25 ya matumizi yako ya mwaka. Itumie kupima kama uko karibu au mbali, lakini zile ni hesabu za soko la Marekani. Usizivae kama sare.

Dogo wa Mwisho

Shikamooni wakubwa. Mimi nina 31, napita tu. Mara 25?? Naanza kuweka leo.

Afisa Ajira

Marahaba mwanangu, anza kweli.

Mtunza Daftari, mimi nimefanya kazi ya rasilimali watu muda mrefu, niseme upande wa mkataba. Kuna tatu ambazo watu hawazihesabu.

Kwanza bima ya afya. Mkataba wenye bima ya familia una thamani kuliko mshahara ulioandikwa. Ukienda kuinunua mwenyewe, umri utapandisha ada, na presha au sukari uliyokwisha kuwa nayo inaweza kuachwa nje au kuwekewa muda wa kusubiri. Pata bei ya bima binafsi kabla hujasaini chochote.

Pili, kutafuta ajira mpya baada ya kutoka ni kugumu kuliko kubaki. Waajiri hawatasema "wewe mzee", watasema "una uzoefu uliozidi". Marekani wana sheria tangu 1967 ya kumlinda mwenye miaka 40 na kuendelea, na bado watu wanalalamika. Wanachohofia ni mshahara wako, kompyuta, na kama utakubali kuelekezwa na kijana. Wasifu wako uishie miaka 10 au 15 ya karibuni, na uandike programu za uhasibu unazozitumia sasa hivi.

Tatu ndiyo nzito. Mafao yako yanakokotolewaje? Kama mfuko wako wa pensheni unatumia mshahara wa mwisho, au wastani wa miaka ya mwisho, basi mkataba wenye mshahara uliopungua unaweza kushusha pensheni ya maisha yako yote. Mtu anashukuru kuongezewa miaka mitatu kazini, kumbe inamgharimu kila mwezi mpaka anazikwa.

Nyumba Tano

Duh. Hiyo ya tatu iandikwe kwa wino mwekundu.

Kalamu Nyekundu

Na akichukua pensheni ya kila mwezi aulize: inapanda na mfumuko? Akitangulia, mwenza anabaki na kiasi gani? Pensheni isiyopanda na inayokufa na mwenyewe haitakiwi kulinganishwa na mkupuo (pesa ya mara moja) kwa kuangalia mwezi wa kwanza tu.

Mzee wa Kijiwe

Hivi nani alisema ukifika 60 umekwisha? Wajerumani walipoanzisha pensheni ya wafanyakazi enzi za Bismarck, 1889, umri ulikuwa 70. Ukashushwa hadi 65 mwaka 1916. Ni namba za makaratasi ya serikali. Fanya kazi kadiri mgongo unavyoruhusu.

Afisa Ajira

Shikamoo mzee. Mgongo wa mhasibu na wa mbeba zege si mmoja lakini. Aliyebeba zege tangu ujana hiyo njia ya kwanza hana.

Mzee wa Kijiwe

Marahaba. Hapo nakubali.

Mtunza Daftari

Wakuu, nimesoma yote na mama watoto kasoma pia (kacheka kwenye meza kubwa). Tunaelekea hivi: nimwombe mwajiri mkataba wa siku tatu kwa wiki bima ikibaki, siku mbili nitafute wateja wangu, na anipe kwa maandishi kwamba inaruhusiwa. Kiinua mgongo kimalize mkopo wa nyumba, kinachobaki kigawanywe alivyosema dada. Ila sisaini mpaka mfuko unijibu kuhusu ukokotoaji.

Afisa Ajira

Wakujibu kwa barua, sio mdomo wa dirishani. Tena omba taarifa ya michango yako yote uisome mwezi kwa mwezi, na uhakiki tarehe ya kuzaliwa waliyonayo. Ukikuta mwezi uliokatwa kwenye hati yako ya mshahara lakini kule haupo, udai sasa ukiwa bado ndani ya ofisi na mafaili yanafikika.